Mvua Iliyonyesha Kwenda Juu

Kambini, 9 Februari

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inawakuta wazima, wewe na mkaza mjomba, na Mama, na wale mapacha wetu watundu. Mimi sijambo, ila midomo imepasuka kwa vumbi na viganja vyangu sasa huwezi kuvitofautisha na vya mafundi wako. Mwambie Mama nakula vizuri. Usimwambie kwamba mpishi wetu huchemsha maharage mpaka yanaomba msamaha.

Siku ile naondoka uliniuliza, "Hivi huko unakwenda kufanya nini hasa?" nami nikakujibu juu juu kwa sababu gari lilikuwa linapiga honi. Sasa kaa vizuri nikujibu.

Mji huu hauna maji. Kuna bomba moja nyuma ya zahanati, na foleni ya ndoo inaanza kabla hata hakujapambazuka. Ndoo nyingine zinapangwa peke yake, wenyewe wamerudi kulala. Sisi tumeletwa na mtambo wa kuchimba visima virefu, ambao utakaa hapa mpaka mwisho wa Mei, kisha unahamishiwa kwingine, tupate maji tusipate. Kazi yangu ni kusema uchimbe wapi. Ndiyo, mimi. Usicheke.

Hapa ardhini kuna matabaka matatu ya mawe. Kuna jiwe jeusi la tope, kuna jiwe la manjano la mchanga, na kuna jiwe la chokaa lililojaa magamba ya konokono wa baharini. Maji yanakaa kwenye la mchanga tu. Kwa hiyo swali langu ni moja: lipi liko chini ya lipi?

Nyuma ya mji kuna kilima kilichokatwa na korongo, na ukutani mwa korongo unayaona yote matatu: jeusi chini, la mchanga katikati, chokaa juu. Sheria ya kwanza tuliyofundishwa ni kwamba lililo chini lilitandikwa kwanza. Tope hutua juu ya kilichokuwepo, haliwezi kuelea likisubiri cha chini yake kije. Basi jeusi ndilo bibi, chokaa ndiyo mjukuu. Mjini ukichimba hata shimo la choo unakutana na jeusi papo hapo. Maana yake la mchanga lililokuwa juu yake lilishalika zamani, na chini ya jeusi hakuna la kutafuta. Nimechora ramani, nikasema tuchimbe ng'ambo ya kilima, kwenye chokaa, ili tulipate la mchanga chini yake. Kisima cha kwanza tumemaliza juzi. Kikavu. Bosi anasema cha kwanza huwa ni cha kupimia bahati.

Usiniulize mawe haya yana miaka mingapi, sijui. Mapacha wetu walizaliwa usiku, nyumba haina saa, hakuna ajuaye walizaliwa saa ngapi. Lakini nani alitangulia, hilo mkunga alilijua na mtaa mzima unalijua. Mimi ni mkunga wa mawe, Mjomba. Nakwambia kweli, kuna siku nasimama pale korongoni nikiwa na nyundo mkononi, nasahau kupiga.

Wewe vipi, ile ghorofa ya sokoni umeshamaliza kuipaka rangi?

Mpwa wako,
Kokoto


Nyumbani, 3 Machi

Kokoto mwanangu,

Marahaba. Barua yako imefika ikiwa na vumbi ndani, mkaza mjomba wako akaikung'uta dirishani kabla ya kuniruhusu niifungue. Sisi wazima. Mama yako anakusifia kwa majirani mpaka mimi naona haya. Ulichotutumia kimefika na kimefanya kazi yake.

Kwa hiyo ndiyo kazi hiyo, kuuliza mawe umri! Mimi mke wangu mwenyewe sijathubutu kumwuliza, wewe unakwenda kumwuliza mlima. Na umetuletea balaa. Nilisoma barua yako kwa sauti, na tangu siku hiyo yule pacha aliyetangulia anamtuma mwenzake kila kitu, eti yeye ndiye tabaka la chini. Jana walirushiana viatu.

Lakini nimekuelewa, tena vizuri. Wiki hii nakwangua kuta za shule ya zamani kabla ya kupaka upya. Chini kabisa kuna chokaa, juu yake bluu, juu yake kijani, na juu ya yote ile rangi ya maziwa iliyoungua. Kuna ufa umepita ukutani. Umeikata chokaa, umeikata bluu, umeikata kijani, lakini rangi ya maziwa imepita juu yake nzima. Nikajiambia, aha, nyumba ilipasuka baada ya kijani na kabla ya maziwa. Hakuna mtu aliyeniambia. Nilisimama pale na kikwangulio mpaka kijana wangu akaniuliza kama naumwa.

Ghorofa ya sokoni wamepewa wengine. Siku hizi napenda kazi za chini, milango, fremu, kuta ninazofikia nikiwa nimesimama. Ngazi nimewaachia vijana. Mtu hubadilika.

Chimba, mwanangu. Kisima cha pili kitakuwa na maji, utaona.

Mjomba wako


Kambini, 30 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Wasalimie wote, na hao warushaji viatu waambie nikirudi nitawatandika mmoja juu ya mwingine. Mimi mwili mzima. Hujanieleza vizuri habari ya ngazi, na nimeliona hilo, lakini leo nina langu.

Kisima cha pili kikavu. Tulichimba kwenye chokaa mpaka fundi mtambo akaishiwa na mabomba ya kuunganisha, na jiwe la mchanga hatukuliona hata chembe. Kimebaki kimoja tu kabla mtambo haujaondoka. Watu wa mji hawatutukani, na hilo ndilo baya zaidi. Wanatusalimia, wanauliza, "Bado?" kisha wanaendelea na ndoo zao.

Juzi nilikwenda korongoni peke yangu. Jua lilikuwa kali, nikajificha chini ya jabali lililochomoza ukutani, mahali ambapo jiwe jeusi limeacha kama dari. Nikalala chali, kofia kifuani. Nikafungua macho.

Mjomba, ile dari ilikuwa na matone ya mvua.

Si maji. Ni vishimo vidogo vya mviringo, vingi, kila kimoja na ukingo wake mwembamba. Umeshaona tope la uani mvua ikianza, matone makubwa ya kwanza yanavyolitoboa? Ndivyo vilivyo. Mvua ilinyesha juu ya tope, jua likatoka, tope likakauka, tope jingine likaja likafunika, na vyote vikageuka jiwe. Niliweka kidole kwenye kishimo kimoja kikaenea. Mvua ya mchana mmoja, wakati hakuna mtu popote wa kukimbilia barazani. Nililia, sioni aibu kukwambia.

Kisha nikaacha kulia, kwa sababu nilitambua ninachokitazama. Vishimo vile viko darini. Vinatazama chini. Na mvua hainyeshi kwenda juu.

Uso ule ulikuwa juu siku ile, ukitazama mawingu. Sasa unanitazama mimi niliyelala chini. Yaani kilima chote kimepinduliwa, Mjomba. Ardhi ilisukumwa kutoka ubavuni, polepole kuliko unavyoweza kufikiri, mpaka matabaka yakajikunja na kulaliana, kama blanketi mtu anapolisukuma kwa miguu. Lile la chini pale korongoni ndilo la mwisho kutandikwa. Jeusi ndilo mjukuu, chokaa ndiyo bibi, na mimi nimeusoma ukurasa kichwa chini miguu juu.

Unaona inavyokuja? Nilichimbisha kwenye chokaa, jiwe kongwe kuliko yote, nikitafuta chini yake kitu kilichozaliwa baadaye. Na mjini, jiwe jeusi limelala kama lilivyotandikwa, halikupinduliwa. Nimekwenda kwenye shimo la wafyatua matofali nikahakikisha, vishimo vya mvua pale vinatazama mbinguni, na ndani ya jiwe kuna gamba dogo lile lile lenye mistari ninalolikuta kwenye jeusi la korongoni, kwa hiyo ni tabaka moja. Basi jiwe la mchanga liko chini yake. Liko chini ya zahanati, chini ya bomba, chini ya ile foleni. Watu wamesimama juu ya maji na ndoo tupu.

Sijamwambia bosi. Niko kwenye muda wa majaribio, na ramani ina jina langu. Wamepanga kisima cha mwisho kwenye chokaa tena. Niambie nifanye nini. Gari la posta linapita mara moja kwa wiki, jibu upesi.

Kokoto


Nyumbani, 14 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Hatujambo. Salamu nyingine nitakupa siku nyingine.

Nyamaza.

Nimeisoma barua yako nikaisoma tena, na hiyo habari ya mvua imenisisimua mwili. Lakini sikiliza. Ukienda kwa mtu aliyekwisha kuaibika mara mbili ukamwambia aibu ile ni yako, atakushukuru kwa lipi? Waache wachimbe pale walipopanga. Kikiwa kikavu, kitakuwa kikavu cha wote. Ramani ina jina lako, lakini saini ni ya mkubwa wako. Baadaye ukishathibitishwa kazini, utasema unachotaka, na mtambo mwingine utakuja siku moja.

Usinione mwoga. Sikutaka kukwambia hili, na Mama yako aliniapisha nisikwambie. Mwezi wa Desemba, ulipokuwa umeshatuaga na uko kwenye mafunzo, nilianguka kutoka kwenye jukwaa pale sokoni. Nyonga haikuunga vizuri. Sipandi tena, wala sitapanda. Hizo fremu na milango nilizokutajia ni chache, na kuta za shule walinipa kwa huruma. Anayeiendesha nyumba hii ni wewe, mapacha wanasoma kwa fedha yako. Ukifukuzwa sijui tutashika wapi.

Kwa hiyo nakuomba, na sijawahi kukuomba kitu. Funga mdomo mpaka Juni.

Mjomba wako


Kambini, 20 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Gari la posta limepita mara tatu, limeleta magazeti ya bosi na barua ya mpishi kutoka kwa mkewe. Yako hakuna. Huenda umekasirika, huenda imekwama njiani. Sikuweza kungoja zaidi. Mtambo ulikuwa umeshaanza kufungwa kwenye lori kwenda kwenye chokaa, nikamwambia.

Bosi wetu tunamwita Nyundo, maana hata kwenye chakula anakuja nayo kiunoni. Hapigi kelele. Alinisikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Kwa hiyo umetuchimbisha visima viwili kwa kilima kilichosimama kwa kichwa." Nikasema ndiyo. Akasema, "Na nikuamini kwa sababu ulilala ukaona vitobo." Akaniondoa kazi za nje, akanipeleka stoo nikaoshe mawe ya sampuli. Karatasi ya kuniachisha kazi ilichapwa siku hiyo hiyo. Niliiona mezani kwake, bado haijatiwa saini.

Basi nikaosha mawe. Beseni, brashi, maji yale yale mpaka yawe uji, kwa kuwa hapa hata ya kuoshea ni ya kuiba. Kulikuwa na gunia la jiwe la mchanga tulilolitoa korongoni nilipofika tu, hakuna aliyelifungua. Nikachukua pande moja, nikasugua, na ndani ya mchanga pakatokea kokoto nyeupe. Nikasugua tena. Kokoto ya chokaa, Mjomba, na ndani yake gamba la konokono.

Fikiria wewe unabomoa ukuta, ndani ya matofali yake unakuta kipande cha sahani ya mkaza mjomba. Utajua sahani ilikuwepo na ilivunjika kabla ukuta haujajengwa, au siyo? Kokoto ile ilikuwa jiwe, likavunjika, likabingirika, likalainika mtoni, ndipo likafunikwa na mchanga. Chokaa ilikuwepo kwanza. Lakini korongoni chokaa ndiyo iliyo juu! Nilikimbia na pande lile likidondosha maji mpaka ofisini.

Nyundo alilitazama kwa lenzi. Akalitazama upande wa pili. Akachukua kofia yake, akatoka, nikamfuata.

Mtu mzima yule, mwenye mgongo mbovu, alilala chali chini ya lile jabali kwenye changarawe. Nilidhani atatazama kidogo na kunyanyuka. Alikaa pale mpaka kivuli kikahama. Akanyoosha mkono, akaingiza kidole kwenye tone moja, halafu jingine, kama mtu anayepapasa uso wa mtoto gizani. Mwisho akasema, si kwangu hasa, "Kilima kizima, jamani. Kilima kizima kimelala kifudifudi." Sauti haikuwa yake. Nikamsaidia kuinuka, tukarudi tukitazama chini njia nzima, kwa sababu kila jiwe tulilolikanyaga lilikuwa limegeuka jambo jingine.

Mtambo unahamia mjini. Ile karatasi hajaichana. Ameifunika kwa ramani mpya, na amesema tutajua wote kwa pamoja. Niombeeni.

Kokoto


Kambini, 22 Mei

Mjomba, Mjomba, Mjomba,

Shikamoo! Leo nakuchanganyia salamu na habari, utanisamehe. Mkaza mjomba hajambo? Mama je? Na nyonga yako?

Ndiyo, nimeipata. Barua yako ya tarehe kumi na nne Aprili imefika wiki iliyopita, ikiwa na mihuri ya miji miwili ambayo haihusiki. Dereva alinikabidhi tukiwa kwenye kisima, mtambo unanguruma. Niliisomea nyuma ya lori. Niliposoma "nilianguka" nilikaa chini kwenye mafuta. Mbona mlinificha? Nimekuwa nikikuandikia utani wa mafundi na wewe huwezi kupanda ngazi! Nimekasirika na nitakasirika mpaka nikuone. Halafu nikasoma "nyamaza", na nikainua macho nikaona watu wamejaa mpaka kwenye kuta za zahanati, na mtambo unachimba mahali niliposema mimi. Nilikwisha kusema. Hapakuwa na la kurudisha.

Sijawahi kuogopa namna ile. Jiwe jeusi lilikuwa nene kuliko tulivyodhani. Unga unaotoka shimoni ulikuwa mweusi, kesho yake mweusi, keshokutwa mweusi. Nyundo aliacha kula. Fundi mtambo aliacha kuimba. Mimi kichwani nilikuwa nawapangia mapacha shule ya kuhamia.

Jumanne saa za alasiri unga ukabadilika. Kwanza kijivu, halafu, Mjomba, manjano. Fundi mtambo akaushika, akausugua vidoleni, akanionyesha mkono. Mchanga. Na mchanga ule ulishikamana, ulikuwa mbichi. Muda si mrefu kitu kikagugumia kule chini, maji yakapanda na tope jeusi, kisha ya rangi ya chai, kisha masafi.

Nilitegemea vigelegele. Vilikuja, lakini baadaye. Kwanza watu walisogea kutazama. Mwanamke mmoja wa foleni ya alfajiri aliweka mkono kwenye maji akautoa akautazama, kisha akatazama ardhi aliyosimama, akarudi nyuma hatua kama mtu aliyegundua amekanyaga zulia la wenyewe. Akaniuliza, "Yalikuwa hapa hapa?" Nikasema yalikuwa hapa hapa. "Siku zote?" Siku zote, mama.

Niliyanywa. Yana baridi na ladha ya chuma kidogo. Nyundo anasema yaliingia ardhini kabla babu za babu zetu hawajazaliwa, na mimi kwa mara ya kwanza sikuwa na haja ya kujua ni miaka mingapi. Kulikuwa na bahari, ikaondoka. Kulikuwa na mto, ukaleta mchanga. Kulikuwa na tope, na mchana mmoja wa mvua. Halafu ardhi ikajikunja, halafu muda usio na mtu, halafu sisi na ndoo. Nilisimama pale nikiwa nimelowa, najiona mdogo sana, na sikuumia.

Ile karatasi Nyundo aliitafuta mwenyewe. Alikuwa na tope mikononi na hapakuwa na kitambaa. Akajifutia, akaniambia, "Jumatatu uwe korongoni mapema." Nimethibitishwa kazini, Mjomba. Ngazi waachie vijana kwa amani.

Kokoto wako


Nyumbani, 11 Juni

Mwanangu,

Marahaba, na marahaba tena. Nyonga iko palepale, isikusumbue. Mama yako ameisoma barua yako amelia, akaiweka chini, akauliza kama umebadilisha nguo ulizolowa nazo. Mapacha wamefukua nusu ya ua wakitafuta mvua. Mkaza mjomba wako amewaacha, ndipo ujue furaha ilivyo humu ndani.

Mimi nimechelewa kujibu kwa sababu sikujua nianzie wapi. Juzi nilikwenda kazini, mlango wa ofisi ya serikali, na pale kizingitini kuna vibao vya mawe ambavyo nimevivuka kila nikienda kulipa kodi. Nikainama, kwa shida yangu, nikatazama. Vina mawimbi, Kokoto. Mawimbi madogo madogo, kama chini ya maji ya kina kifupi. Nilikaa hapo hapo kizingitini na kopo la rangi pembeni, nikaweka kiganja. Watu wananipita na mafaili. Nilitaka kumshika mtu mguu nimwambie, baba, simama, hapa palikuwa na maji. Nikashindwa.

Sasa nikwambie jambo moja. Mei mwanzoni, barua yako iliponiambia kwamba yangu haijafika, nilikwenda posta kugombana. Niliwatukana karani wa pale na mwenzake, nikawaambia kama barua ya dharura imewashinda, na kazi waache. Nilikuwa na hasira kwa sababu nakujua. Tangu utoto hujanikatalia jambo hata moja. Ile barua ingefika kwa wakati, ungenitii.

Ungenitii, mwanangu, na mtambo ungeondoka, na yule mwanamke angekuwa amesimama pale pale mpaka leo na ndoo yake. Sijalala vizuri tangu nilipoliona hilo.

Leo asubuhi nilirudi posta. Karani aliponiona alisogeza kiti nyuma. Nikampa mkono, nikaushika mkono wake muda mrefu, na sikuweza kumweleza kwa nini.

Mjomba wako